Ahadi ni Deni: Wangari Maathai na Safari Yake ya Kuomba Kura

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa ahadi ni deni. Methali hii husikika sana wakati wa kampeni, kisha husahaulika mara tu kura zinapohesabiwa. Makala haya yanasimulia maisha ya Profesa Wangari Muta Maathai (1940–2011) kwa kuzingatia upande mmoja ambao haujazungumziwa vya kutosha, yaani maisha yake kama mwaniaji wa kiti cha kisiasa. Wengi wetu tunamfahamu kama mpandaji wa miti na mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani, mnamo mwaka wa 2004. Ni wachache wanaokumbuka kwamba alijitosa katika kinyang'anyiro cha ubunge mara nne, na kwamba alifaulu mara moja tu. Aliposimama kwa tiketi ya chama kidogo, wapiga kura walimnyima viti, hata baada ya ulimwengu mzima kumvika taji.

Je, ilikuwaje mtu aliyeokoa bustani na msitu wa jiji zima akashindwa katika eneo alikozaliwa? Swali hili lina uzito kwa yeyote anayefikiria kuyapeleka mazingira mbele ya mpiga kura, na ndilo litakalotuongoza katika simulizi hii.

Kutoka Ihithe hadi Chiromo

Wangari Muta alizaliwa tarehe 1 Aprili 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri, kwenye miteremko ya milima ya Aberdare. Baada ya kuhitimu katika shule ya wasichana ya Loreto Limuru, alibahatika kuwa miongoni mwa vijana wa Kenya waliosafirishwa kwa ndege kwenda kusoma Marekani mwaka wa 1960. Alisomea biolojia katika chuo cha Mount St. Scholastica, jimboni Kansas, na kupata shahada ya kwanza mwaka wa 1964. Shahada ya uzamili aliipata katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh mwaka wa 1966.

Alirejea nyumbani mwaka huo huo akiwa na barua ya kazi mkononi. Alipofika katika Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho wakati huo kilikuwa bado chuo kishiriki, aliarifiwa kuwa nafasi ile imepewa mtu mwingine. Hakukata tamaa. Alipata kazi katika Idara ya Anatomia ya Mifugo, akaendeleza utafiti wake nchini Ujerumani, na mnamo mwaka wa 1971 akatunukiwa shahada ya uzamifu. Ndiye mwanamke wa kwanza katika Afrika Mashariki na ya Kati kufikia kiwango hicho. Kufikia mwaka wa 1976 alikuwa mkuu wa idara, na mwaka uliofuata akapandishwa cheo kuwa profesa mshiriki. Maisha yake ya kila siku yalikuwa Chiromo, upande wa Westlands, baina ya maabara na kumbi za mihadhara. Hakuna aliyemdhania kuwa mwanasiasa.

Ahadi ya Lang'ata

Siasa ilimfikia kwa mlango wa nyumbani. Mumewe, Mwangi Mathai, ambaye walifunga ndoa mwaka wa 1969, alikuwa amewania ubunge mwaka huo akashindwa. Mnamo mwaka wa 1974 alijitokeza tena, akawania kiti cha Lang'ata, magharibi ya kusini mwa jiji. Lang'ata ilikuwa sehemu ya mchanganyiko mkubwa: majumba ya kifahari yenye bustani pana kwa upande mmoja, na vijumba vya mabati na udongo vya Kibera kwa upande mwingine. Katika kampeni, wakazi waliokosa kazi waliahidiwa kuwa watapata ajira.

Mwaniaji alishinda. Siku zikapita, na ahadi ikawa inaelekea kule ambako ahadi nyingi za kampeni huelekea. Mkewe ndiye aliyekosa usingizi. Alikuwa amezunguka pamoja na mumewe, amewatazama watu wale usoni, na aliona kuwa neno lililotolewa mbele yao lilistahili kulipwa. Mumewe aliyaona yale kuwa maneno ya kampeni yaliyokwisha na kampeni. Wangari aliyaona kuwa deni.

Ili kulilipa deni hilo alianzisha kampuni ndogo iliyoitwa Envirocare. Wazo lenyewe lilikuwa rahisi: maskini wa Lang'ata waajiriwe kupanda miti na kutunza bustani katika nyumba za matajiri wa eneo lilo hilo. Kitalu cha miche kilianzishwa katika msitu wa Karura. Biashara hiyo haikudumu. Matajiri hawakuwa tayari kulipa kabla ya kazi kufanywa, na maskini hawakuwa na uwezo wa kusubiri, hata nauli ya kufika kazini ilikuwa taabu kwao. Hata hivyo, wazo halikufa pamoja na kampuni. Wangari alilipeleka katika Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, na tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, msafara uliondoka kwenye Jumba la Mikutano la Kenyatta katikati ya jiji ukaelekea uwanja wa Kamukunji, ambako miti saba ilipandwa. Huo ndio mwanzo wa Green Belt Movement, yaani Vuguvugu la Ukanda wa Kijani, ambalo kwa miaka iliyofuata lilipanda zaidi ya miti milioni 50. Wanawake wa vijijini walilipwa ujira mdogo kwa kila mche walioupanda ukashika.

Ni muhimu tulitie maanani jambo hili. Kazi iliyompatia Wangari Maathai sifa duniani ilichipuka katika ahadi ya kuombea kura, ahadi ambayo hata hakuitoa yeye mwenyewe.

Mwaka wa 1982: Kuwania Bila Kuwania

Ndoa yake ilivunjika. Waliachana mwaka wa 1977, na talaka ikatolewa mwaka wa 1979 baada ya kesi iliyoanikwa hadharani. Kwa kumkosoa hakimu aliyeisikiliza, alihukumiwa kifungo cha miezi sita kwa kuidharau mahakama, ingawa aliachiliwa baada ya siku chache. Mumewe wa zamani alipomtaka aache kutumia jina lake, aliongeza herufi moja, na Mathai likawa Maathai.

Mnamo mwaka wa 1982 kiti cha ubunge katika eneo la kwao Nyeri kilibaki wazi. Wangari Maathai aliamua kukiwania. Sheria ilimtaka mfanyakazi wa chuo kikuu ajiuzulu kwanza, naye akajiuzulu. Kisha akaambiwa kuwa hastahili kuwania kwa sababu hakujiandikisha upya kuwa mpiga kura mwaka wa 1979. Alikwenda mahakamani. Kesi ilipangwa kusikilizwa saa tatu asubuhi, na stakabadhi za uteuzi zilitakiwa ziwe zimewasilishwa Nyeri kufikia saa tisa alasiri siku iyo hiyo. Uamuzi haukumwendea vyema. Jina lake halikuingia katika karatasi za kura.

Aliporudi chuoni kuomba kazi yake, aliambiwa kwamba nafasi haipo tena. Kwa kuwa aliishi katika nyumba ya chuo, alitakiwa aihame. Hivyo basi, baada ya miaka 16 ya utumishi, profesa huyo alijikuta hana kazi, hana kiti cha ubunge na hana nyumba ya mwajiri. Alihamia nyumba ndogo aliyokuwa ameinunua mtaani South C. Ni vigumu kumtaja mwaniaji aliyelipa gharama kubwa zaidi kwa uchaguzi ambao hata hakuruhusiwa kuushiriki. Kutokana na hasara hiyo, alianza kuliendesha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani kama kazi yake ya kila siku.

Bustani na Msitu

Miaka iliyofuata ilimfanya ajulikane na kila mkazi wa Nairobi. Mwaka wa 1989 ilibainika kuwa serikali ilikusudia kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park, mahali ambapo wakazi wa jiji hupumzika Jumapili bila ya kulipa chochote. Jumba hilo lingekuwa makao ya chama tawala cha KANU na ya gazeti lake. Maathai aliandika barua kwa ofisi moja baada ya nyingine na kwa mashirika ya nje, kisha akafungua kesi katika Mahakama Kuu, ambayo aliitupilia mbali. Wabunge walimkejeli bungeni. Vuguvugu lake lilifurushwa kutoka ofisi ya serikali kwa ilani ya saa 24, likahamia nyumbani kwake South C. Hata hivyo, wafadhili wa kigeni walijiondoa mapema mwaka wa 1990, na bustani ikasalimika.

Katika Januari 1992 polisi waliizingira nyumba yake kwa siku tatu kabla ya kuvunja na kumtia mbaroni. Mnamo tarehe 28 Februari mwaka uo huo alijiunga na kina mama wa wafungwa wa kisiasa waliogoma kula katika kona ya Uhuru Park ambayo imeitwa Freedom Corner tangu siku hizo. Siku chache baadaye polisi waliwavamia kwa virungu na vitoa machozi, naye akapigwa hadi akazirai. Kina mama hao walihamia Kanisa Kuu la All Saints lililo jirani, wakaendelea na mgomo wao hadi mapema mwaka wa 1993, wakati ambapo takribani wafungwa wote walikuwa wameachiliwa.

Zamu ya msitu wa Karura ilifika mwaka wa 1998, ilipogunduliwa kuwa ardhi yake ilikuwa ikigawiwa watu binafsi kwa siri. Tarehe 8 Januari 1999, Maathai na wenzake walipokwenda kupanda miti huko, walishambuliwa na genge la walinzi na yeye akapasuliwa kichwa. Alipiga ripoti polisi, akatia sahihi kwa damu yake mwenyewe. Mnamo Agosti mwaka huo Rais Daniel arap Moi alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Msitu ambamo miche ya ile ahadi ya Lang'ata ilioteshwa ulinusurika.

Chama Kidogo

Mtu wa namna hii angeonekana kuwa mwaniaji asiyehitaji kampeni. Katika uchaguzi wa mwaka wa 1992, wa kwanza wa vyama vingi baada ya marekebisho ya katiba, hakuwania. Alijitahidi kuwaunganisha viongozi wa upinzani, juhudi ambazo hazikuzaa matunda. Mwaka wa 1997 aliwania. Alisimama kwa tiketi ya Liberal Party of Kenya, chama kidogo kisicho na mtandao wala hazina. Katiba ya wakati huo ilimtaka rais awe pia mbunge, kwa hiyo aliwania urais na kiti cha Tetu kwa pamoja. Yeye na Charity Ngilu walikuwa wanawake wawili waliothubutu kuomba urais mwaka huo. Uchaguzi ulipokaribia, zilichapishwa habari kuwa amejiondoa. Hazikuwa za kweli, lakini chama kidogo hakikuwa na njia ya kuzikanusha katika kila kijiji. Kura alizopata za urais zilikuwa chache mno, na kiti cha Tetu hakukipata.

Mwaka wa 2002 mambo yaligeuka. Vyama vya upinzani viliungana chini ya NARC, na Maathai akaiwania Tetu kwa tiketi ya muungano huo. Alipata asilimia 98 ya kura. Mnamo Januari 2003 aliteuliwa kuwa Waziri Msaidizi wa Mazingira na Maliasili, wadhifa alioushikilia hadi mwaka wa 2005.

Katika mwaka wa 2003 chama chake kilichukua sura mpya na kuitwa Mazingira Green Party of Kenya, kikawa na uhusiano na vyama vya kijani vya Afrika na vya dunia. Kusudi lilikuwa kuwapa nafasi wawaniaji waliotaka kuomba kura kwa misingi ileile ya Vuguvugu la Ukanda wa Kijani. Sisi wanafunzi wa Kiswahili hatuna budi kulichunguza jina hilo. Nomino mazingira inatokana na kitenzi zingira. Mazingira ni yale yanayotuzunguka pande zote, hewa, maji, udongo na majirani. Kwa jina hilo mwaniaji alimwahidi mpiga kura kitu kisicho na mwenyewe mmoja na kisichogawika kwa mafungu. Ni ahadi pana, na upana wake ndio uliokuwa ugumu wake.

Mwezi Novemba 2007, Profesa Maathai, akiwa tayari mshindi wa Nobel, alishiriki mchujo wa chama cha PNU katika eneobunge la Tetu. Alibwagwa. Sheria ya wakati huo haikumruhusu mtu kuwania bila chama. Uwezekano huo ulikuja na Katiba ya 2010. Kwa hiyo, wawaniaji wengi waliokosa tiketi za vyama vikubwa walikimbilia vyama vidogo, kama msafiri aliyeachwa na meli anavyotafuta mtumbwi. Maathai alirudi katika chama chake mwenyewe, akasimama kwa tiketi ya Mazingira. Tarehe 27 Desemba 2007 alishindwa. Chama hicho kilipata kiti kimoja tu bungeni, cha Imenti Kaskazini.

Kilichofuata kinaonyesha tabia yake. Matokeo ya urais yalipozua mzozo, yeye ambaye eneo lake lilikuwa ngome ya Rais Mwai Kibaki alitaka kura za urais zihesabiwe upya, ili kila upande uridhike kuwa haki imetendeka. Haikuwa kauli ya kumwongezea marafiki nyumbani. Mwaka wa 2008 alirushiwa vitoa machozi tena jijini alipoandamana kupinga ongezeko la idadi ya mawaziri.

Kwa Nini Alishindwa?

Wapo waliosema kuwa alisafiri mno ng'ambo na kuwasahau watu wa kwao. Wapo wanaotaja jinsia yake, na wengine wanataja mawimbi ya vyama vikubwa yanayozoa viti mwaka baada ya mwaka. Sababu hizo zote zina mashiko. Hata hivyo, kwa maoni yetu, kuna sababu ya ndani zaidi.

Mapambano makubwa ya Maathai yalifanyika Nairobi, na Nairobi ndiyo iliyofaidi. Mfanyakazi anayelala chini ya kivuli Uhuru Park saa za chakula cha mchana, na familia inayotembea Karura, ndio waliopokea matunda. Lakini Maathai hakuwahi kuwania kiti cha Nairobi. Kura aliziomba Tetu, kwa mkulima ambaye alitaka kujua barabara itatengenezwa lini na mazao yake yatauzwa bei gani. Kwa upande mwingine, misitu ya Aberdare inayopakana na Tetu ndiyo chemchemi ya sehemu kubwa ya maji yanayotiririka katika mifereji ya Nairobi. Anayeutunza msitu yuko juu mlimani; anayeyanywa maji yuko Kilimani na Westlands; na kila mmoja anapiga kura katika eneobunge lake. Mito na misitu haifuati mipaka iliyochorwa na tume ya uchaguzi. Kwa hiyo mwaniaji wa mazingira huwafaa watu wengi ambao hawawezi kumpigia kura, na huomba kura kwa wachache ambao mahitaji yao ni ya leo.

Aidha, kuna suala la wakati. Kipindi cha bunge ni miaka mitano. Mti wa asili uliopandwa siku ya kiapo huwa bado mchanga siku ya uchaguzi unaofuata. Mwaniaji anayegawa unga huonekana papo hapo. Anayeomba asubiriwe miaka 20 anahitaji mpiga kura aliyeshiba. Maathai alilijua hilo tangu Lang'ata, ambako maskini hawakuweza kusubiri malipo. Ndiyo maana Vuguvugu lake liliwalipa wanawake kwa kila mche ulioshika: mkono upate leo, na ardhi ipate kesho. Chama cha siasa hakikuweza kufanya hivyo bila kuonekana kinanunua kura.

Hitimisho

Tarehe 27 Agosti 2010 Katiba mpya ya Kenya ilizinduliwa rasmi katika Uhuru Park, bustani ile ile iliyokaribia kuwa jumba la ghorofa 60. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na Kifungu cha 69 kinaitaka serikali ifikishe miti katika angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi. Sera ambazo chama kidogo hakikuweza kuzipatia viti zilipata mahali katika sheria kuu. Kifungu cha sheria nacho ni ahadi, na ahadi, kama tulivyoona, huhitaji mtu wa kuidai.

Profesa Wangari Maathai aliaga dunia jijini Nairobi tarehe 25 Septemba 2011 kutokana na saratani ya ovari. Serikali ilimwandalia mazishi ya kitaifa, na tarehe 8 Oktoba jeneza lake lilipitishwa Uhuru Park. Lilisukwa kwa magugu maji, mafunjo na mianzi, kwa kuwa hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake. Mwili wake ulichomwa, na majivu yakahifadhiwa Kabete, magharibi mwa jiji, katika taasisi ya amani na mazingira yenye jina lake. Taasisi hiyo ni ya Chuo Kikuu cha Nairobi, chuo kile kile ambacho mwaka wa 1982 hakikuwa na nafasi yake.

Kwa hesabu za kura, Maathai alikuwa mwaniaji aliyefaulu mara moja kati ya nne. Kwa hesabu ya deni la Lang'ata, alilipa hadi mwisho, pamoja na riba. Wasomi wa Kiswahili ambao kesho watasimama jukwaani kuomba kura, kwa chama kikubwa au kidogo, watakuwa na lugha tamu ya kutolea ahadi. Maisha ya mama huyu yanawauliza kama wako tayari kuzilipa hata wakishindwa.